Ukurasa wa Thelathini na Saba

Binti: Haloo? Ni nani?

Mama: Ni nani? Dakika mbili zilizopita umenikatia simu, sasa unaniuliza ni nani?

Binti: Mama... hii siyo namba yako.

Mama: Ni ya mfagiaji wa maabara. Yangu huipokei. Ukikata na hii nitaazima ya mlinzi, halafu ya mganga mkuu.

Binti: Shikamoo, Mama.

Mama: Shikamoo yako ishike kwanza. Nilikuuliza swali ukakata. Narudia. Huu ukurasa ulifikaje kwenye mfuko wa koti lako jeupe?

Binti: Mama, niko nyuma ya jukwaa. Ukumbini kuna wanafunzi wapya mia tatu, saa nne kamili natakiwa—

Mama: Saa nne kamili kuna kamati pia.

[Nyuma ya Binti kipaza sauti kinajaribiwa: moja, mbili, moja, mbili.]

Binti: Nani amekwambia habari za kamati?

Mama: Barua. Chiriku ameishika mkononi. Mtoto wa mama yako mdogo yuko hapa kwenye benchi la wagonjwa tangu tunafungua, na begi lake miguuni. Nimemwuliza kuna nini, akanipa barua. Hakunijibu neno. Chiriku! Yule anayeongea hata akipiga mswaki.

Binti: Mpe simu niongee naye.

Mama: Hataki. Haya, koti.

Binti: Uliupekua mfuko wangu?

Mama: Miaka ishirini nakagua mifuko kabla ya kuloweka, nyumba nzima mnajua. Usije ukanigeuzia maneno. Mwenye kuchana karatasi huichoma, wewe umeikunja mara nne ukaniletea na nguo chafu.

Binti: Nilisahau.

Mama: Hukusahau. Ulishindwa kuitupa. Afadhali hata hilo. Ngoja— kikombe cha mkojo weka dirishani, baba, siyo hapo kwenye daftari! Na ukifunike! —Haya. Nakusomea. Ukurasa wa thelathini na saba. "Jumamosi. Umeme ulikatika usiku, friji imekutwa nyuzi kumi na tisa. Sampuli arobaini na mbili za maji zisitumike." Chini kuna saini ya Chiriku. Mwandiko kama wa mtoto wa darasa la tatu, lakini kila kitu kipo.

Binti: Mama, naomba usisome kwa sauti, watu wana—

Mama: Na zikatumika.

[Mtandao unakwaruza.]

Binti: ...sikusikii...

Mama: Unanisikia. Nimesema zikatumika! Sampuli zilizolala kwenye joto usiku kucha, vijidudu vimezaliana humo kama kuku, mkazipima, mkachora na grafu.

Binti: Ilikuwa kazi ya wiki sita, Mama. Wiki sita tunazunguka na ndoo. Tarehe ya kukabidhi ilikuwa Jumatano.

Mama: Nani alikwambia uchane? Yule Dokta anayewasimamia?

Binti: Hakuniambia nichane.

Mama: Alisemaje?

Binti: Aliniuliza tu. "Hivi huu ukurasa una ulazima?" Halafu akatoka kwenda kunywa chai.

Mama: Akaacha mlango wazi?

Binti: Aliufunga.

Mama: Mtu mzima yule. Anajua kuosha mikono.

Binti: Ndiyo maana nakwambia, siyo mimi peke—

Mama: Mkono ulikuwa wa nani?

Binti: Wangu.

Mama: Daftari lenyewe kurasa zina namba. Thelathini na sita, halafu thelathini na tisa, karatasi moja haipo. Mlidhani mkaguzi hajui kuhesabu? Na barua inasema anayetunza daftari ni Chiriku, kwa hiyo aliyechana ni Chiriku. Kazi imekwisha. Sasa nijibu hili: nani alimfuata bwenini kumwingiza kwenye huo utafiti?

Binti: Mimi. Ndiyo kazi ya mwanafunzi mshauri, Mama, kuwatia moyo wa mwaka wa kwanza wa—

Mama: Alikuwa anataka nini yeye?

Binti: Mpira wa pete.

Mama: Mpira wa pete. Ukamwandama wiki mbili. "Utafiti siyo wa maprofesa peke yao. Kila mwanafunzi ana swali ambalo hakuna mwingine anaweza kuliuliza." Naijua hotuba yako neno kwa neno, uliifanyia mazoezi jikoni kwangu umeshika mwiko, sufuria ikaungua. Mtoto akakuamini. Mama yake akanipigia, sauti imejaa furaha: anafuata nyayo za dada yake.

Binti: Na nilikuwa namaanisha. Mama, naapa nilikuwa namaanisha.

Mama: Najua. Ndiyo inayoniuma. Barua ilipotoka, ulimwambia nini?

Binti: Nilimwambia... Nilimwambia avumilie. Kwamba wa mwaka wa kwanza wanapewa onyo tu. Mimi nimebakiza miezi mitano nimalize, na nafasi ya shahada ya pili iko mkononi mwa Dokta, na kama ningesema—

Mama: Yeye akasemaje?

Binti: Hakusema kitu.

Mama: Chiriku hakusema kitu.

Binti: Aliniuliza kama nimekula.

Mama: Sogea karibu na simu nikusomee barua. "Kusimamishwa masomo mwaka mmoja, au kufukuzwa chuo." Onyo liko mstari gani? Silioni. Labda ni hii miwani.

Binti: Mama, usinifanyie hivyo.

Mama: Nikufanyie vipi? Nikupigie makofi?

Binti: Wewe ni mama yangu!

Mama: Ndiyo, na mama yake ni mdogo wangu, tumelala kitanda kimoja mpaka nilipoolewa. Nitamwambia nini? Kwamba wangu alikuwa karibu kumaliza, ndiyo maana wako amechinjwa?

[Mtandao unakwaruza. Sauti kwa mbali inamwita Binti: dakika tano!]

Binti: Nakuja! —Mama, sikiliza. Nikimaliza hotuba nitakwenda kwa mwenyekiti wa kamati, nitaongea naye pembeni. Nusu saa tu.

Mama: Ukimaliza kuwavuta wengine mia tatu?

Binti: Siyo hivyo...

Mama: Ni hivyo hivyo. Ngoja, nikwambie kitu. Mwaka wangu wa pili hapa nilikosea kundi la damu. Nililiona kosa mwenyewe kabla damu haijaingia kwa mgonjwa. Unajua nilifanya nini?

Binti: Ulipiga mstari.

Mama: Mmoja. Cha zamani kisomeke, kipya juu yake, saini, tarehe. Nilikufundisha ukiwa kidato cha pili. Chiriku nimemfundisha likizo iliyopita, kwenye meza ile ile. Daftari langu bado liko kabatini. Kila mwaka mkaguzi anafika pale, anasoma, ananiangalia. Kila mwaka naona haya upya. Na kesho yake nakuja kazini.

Binti: Wewe ulikosea, Mama. Mimi sikukosea, nilifanya makusudi.

Mama: Hapo umesema kweli.

Binti: Watanifukuza.

Mama: Huenda.

Binti: Huenda? Basi?

Mama: Unataka nikudanganye? Mimi sina cheo huko. Nina diploma moja na miwani ya kuazima. Watakufukuza au hawatakufukuza. Chumba chako kipo, nimeweka cherehani lakini kitanda hakijatoka.

Binti: [analia] Basi peleka wewe. Ukurasa si unao? Peleka, waone mwandiko, yaishe.

Mama: Nilimpa Chiriku aende nao. Nikamwambia shika, huu ndio ushahidi wako, panda gari sasa hivi. Akausoma. Akaukunja vile vile ulivyoukunja wewe, akanirudishia. Amesema maneno mawili, ndiyo hayo tu tangu asubuhi.

Binti: Amesemaje?

Mama: "Wa dada." Ukurasa ni wako, yeye haupeleki.

[Ukumbini wanapiga makofi.]

Mama: Haloo? Upo?

Binti: Nipo. —Hapana, siendi jukwaani. Mwambie mwenye kipaza sauti amwite mwingine. Na hii beji, chukua. Chukua tu! —Mama, usikate.

Mama: Salio la watu hili. Unakwenda wapi?

Binti: Juu. Kamati inakaa juu ya ukumbi huu huu.

Mama: Unakimbia nini? Ngazi hizo, utaanguka.

Binti: [anahema] Saa nne bado?

Mama: Imebaki dakika moja. Futa kamasi. Usiingie unalia, watadhani unataka kuhurumiwa.

Binti: Chiriku anasikia?

Mama: Nimeweka sauti ya nje. Anaangalia ukuta.

Binti: Chiriku... Basi. Nagonga.

[Mlango. Viti vinasogezwa.]

Binti: Shikamooni. ...Hapana, mimi siye aliyeitwa. ...Najua, Dokta. Najua wananingoja ukumbini. ...Hapana, sitasubiri nje. Ukurasa wa thelathini na saba niliuchana mimi. Uko kwa mama yangu, maabara ya hospitali, mzima na saini ya Chiriku. Friji ilikuwa nyuzi kumi na tisa, na mimi nilijua. Dokta naye alijua.

[Sauti nyingi kwa pamoja. Mtandao unakwaruza.]

Mama: Chiriku, njoo karibu. Njoo, mwanangu, huko husikii vizuri.

Binti: ...hilo jina la Chiriku hapo juu ya mashtaka msilifute. Pigeni mstari mmoja tu, lisomeke. Juu yake andikeni langu. Nipeni kalamu, naweka saini.

Mama: Na tarehe.

[Mlio wa salio.]

Mama: Haloo? Waambie na tarehe! Halo—

[Simu imekatika.]