Mbwa Kavalishwa Mkanda, Mwenyewe Kaptura

Tulikuwa watatu kwenye viti vya treni vinavyotazamana: mimi, fundi cherehani mwenye furushi la nguo mapajani, na mwindaji aliyevaa kaptura. Mbwa wake alilala chini.

"Baba, una kupe shingoni," fundi akamwambia. "Ah, hao tumeshazoeana," mwindaji akajibu. Mimi na wao hatujazoeana, nikajisogeza dirishani.

"Kwani suruali huna?" fundi akamuuliza. "Ungechomeka miguu ya suruali ndani ya soksi, ukajipaka na dawa ya kupe." Mwindaji akacheka. "Wenzangu wanione nimevaa kama mtoto wa chekechea? Lakini huyu mbwa nimemwogesha dawa, nimemvisha mkanda wa kuzuia kupe, na namkagua mpaka masikioni."

"Na wewe nani anakukagua?"

"Mke wangu hataki hata kunisogelea."

"Ana akili zake. Haya, mmepata mnyama gani?"

"Leo hatukubahatika."

"Basi waliokwenda kuwinda ni kupe, baba."

Treni ikasimama. Mwindaji akashuka akijikuna kwapa, mbwa akimfuata kwa mbali. Kabla ya kushuka alichomoa koti lake mgongoni pangu, ambalo safari nzima nilikuwa nimeliegemea nikidhani ni mto wa kiti.