Uvimbe wa Lynnet

Mwaka wa tisini na nne nilikuwa kwa meli, natoka Homa Bay kwenda Kisumu, nikasikia mama mmoja akiambia Mkuria aliyekaa karibu yake, "Daktari alitoa Lynnet wangu uvimbe kwa ubongo, sasa anataka kubaki nayo eti asomee. Naenda kuichukua. Kitu ya mwili inazikwa nyumbani. Baba yake ameshachimba shimo."

"Ai, mama! Na Lynnet si huyu anakula ndizi?" Kweli alikuwa anakula, na hakuna mtu alikuwa amegawiwa. "Huyo daktari namjua, amepasua watoto kichwa mpaka amezeeka, na bado hajui hiyo kitu inatoka wapi. Mwachie, asaidie mtoto wa mwingine."

Mama akaangalia kovu ya Lynnet. "Sawa, asome. Lakini amalize Ijumaa. Jumamosi tunazika."

"Ijumaa ya mwaka gani?" Mkuria akauliza, lakini meli ilikuwa imefika, na mama ameshashuka.