Ubavu wa Kushoto wa Jovina

Padri wetu, wazee, majirani wa Ndera, wafanyakazi wenzake wa Masoro, na ninyi mliosafiri kutoka Bukoba, poleni nyote. Mimi ni Praxeda Vitalis, dada mkubwa wa marehemu, baba mmoja mama mmoja, na nalitaja hilo mapema kwa sababu wiki hii nzima watu wamekuwa wakinipita mlangoni na kwenda kumpa pole mtu mwingine. Mpaka jana asubuhi hatukuwa tumekubaliana ni nani atakayemvalisha mdogo wangu nguo zake za mwisho. Familia imenituma niwasomee maisha yake, nami nitayasoma jinsi yalivyokuwa, na wivu wangu nimekuja nao hapa, maana sikupata pa kuuacha.

Marehemu Jovina alizaliwa tarehe 14 Agosti 1976, Kamachumu, wilaya ya Muleba, mkoa wa Kagera, akiwa mtoto wa pili wa marehemu mzee Vitalis na marehemu mama yetu Anastela, mimi nikiwa wa kwanza, na Thomas, huyo aliyesimama kando ya jeneza, akiwa wa mwisho. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni, nguo zake za kwanza zilikuwa zangu, na jino lake la kwanza nililing'oa mimi kwa uzi, akalia, kisha akaniomba nimng'oe na la pili. Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini kuanzia mwaka 1984 hadi 1990, akaendelea na sekondari Bukoba mjini hadi 1994, na mwaka 1997 akahitimu mafunzo ya uwakala wa forodha huko Dar es Salaam, akabaki kufanya kazi bandarini. Mwaka 1999 mama yetu alishikwa na uvimbe wa titi, nikamuuguza nyumbani mimi peke yangu mpaka alipofariki tarehe 3 Novemba, na hilo naomba mlishike, nitalirudia.

Mwezi Februari 2004 Jovina alihamia hapa Kigali, akaajiriwa na kampuni inayotoa mizigo ya wafanyabiashara forodhani, na ofisi ilipohamishiwa Masoro akawa msimamizi wa ghala, mwanamke mmoja anayewapangia kazi madereva wa malori nao wakanyamaza. Tarehe 21 Julai 2007 alifunga ndoa kanisani Remera na Benon Shyaka, shemeji yangu huyu, Mnyarwanda aliyekulia Karagwe, wakajaliwa watoto wawili, Gwiza aliyezaliwa mwaka 2008 na Kalisa aliyezaliwa mwaka 2012. Mwaka 2011 aliniita nami nije, nikafungua biashara ya mchele Kimironko, nikapanga nyumba Kibagabaga, na kila Jumapili baada ya misa tulikula pamoja, kwake au kwangu. Kwa hiyo asije mtu akaniambia kwamba nilikuwa mbali.

Mwezi Machi 2018, akiwa anaoga, Jovina aligusa kitu kigumu kwenye titi la kushoto, akapimwa, ikawa saratani. Tarehe 11 Mei mwaka huo alifanyiwa upasuaji wa kuliondoa titi lote pamoja na tezi za kwapani, akapata dawa za dripu, nywele zikaondoka na kurudi, akamalizia na mionzi mwezi Juni 2019. Tarehe 24 Agosti 2019 tulifanya sherehe ya shukrani, vitenge vya sare nilivichagua mimi, keki niliikata mimi, na bosi wake, mzee Mutsinzi, alisimama akasema kwa furaha, "Mama Gwiza, ugonjwa imekwisha, sasa uko mzima kabisa, turudi kazini!" Tulipiga makofi, Jovina akatabasamu, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala mapajani, haukupiga makofi. Wengi wetu hatukuuona. Mwanamke mmoja aliyekaa karibu na mlango aliuona.

Mwanamke huyo ni Kankindi, jirani yake wa nyumba ya tatu, mshonaji, ambaye alikatwa titi mwaka 2015, na ndiye mnayempa pole nyingi kuliko mimi. Baada ya sherehe hiyo, sisi tulipokwenda zetu tukiwa tumeshiba, maumivu ya Jovina yalibaki palepale. Kifua kilimwaka kama kimemwagiwa uji wa moto, kwapa lilivuta, mkono ulivimba akibeba hata sufuria ya wali, na ubavu wa kushoto hakuweza kuulalia tena. Na hofu ilimla kuliko maumivu. Akikohoa, alidhani imeingia kwenye mapafu, mgongo ukimuuma baada ya kazi, alidhani imeingia kwenye mifupa, na wiki ya kwenda kupimwa tena chakula kilikuwa hakipiti. Hayo yote alimwambia Kankindi. Mimi kila simu nilimuuliza kama ni mzima, akajibu, "Mzima, dada," tukaendelea na habari za bei ya mchele.

Siku za kupimwa walikwenda wawili, wamevaa vizuri, wamepaka na mafuta ya mdomo, na majibu yakitoka mazuri walipitia Kimironko kula mizuzu na samaki, hatua chache kutoka kibandani kwangu, bila kunisalimia. Niliwaona mara moja. Walikuwa wanacheka vicheko vya wasichana wa shule, vinywa vimejaa, nami nikamwaga mchele nje ya mzani hata mteja akaniuliza kama naumwa. Mtoto niliyembeba mgongoni anacheka hivyo na mtu wa pembeni! Nilikasirika siku hiyo, na nimekasirika tena sasa ninapolisoma.

Tangu aliporudi kazini Jovina hakukosa hata wiki moja, aliwalea watoto wake, alijifunza kupumzisha mkono juu ya mto na kupumua polepole hofu ilipompanda, na kila asubuhi alisimama mbele ya ukuta wa sebule, akaupandisha mkono wa kushoto kwa vidole, kidogo kidogo, kama alivyofundishwa hospitalini, kisha Kankindi akaweka alama ya penseli pale vidole vilipofika. Mimi sikulijua hilo. Jumatatu wiki hii, nikiandaa nyumba kwa ajili ya waombolezaji, niliona ukuta umechorwachorwa, nikadhani ni michoro ya watoto ya tangu wakiwa wadogo, nikachukua kitambaa cha sabuni. Kankindi akanishika mkono. "Dada, buretse," akasema, yaani nisubiri, "usipanguse, hiyo iko kazi ya Jovina." Ndani ya nyumba ya mdogo wangu, nikazuiwa na jirani, na mbaya zaidi ni kwamba alikuwa na haki.

Jumapili tarehe 9 Februari 2025, baada ya misa, Jovina alishikwa na kichwa kikali, akaanguka jikoni, akakimbizwa Hospitali ya Kibagabaga, na jioni ya siku hiyo akafariki kwa kiharusi. Madaktari walituambia, na vipimo vyake vya mwezi Januari vilikuwa vimeonyesha hivyo hivyo, kwamba saratani haikurudi. Miaka sita aliiogopa, na haikurudi. Andikeni hilo mioyoni mwenu, kwa sababu nimewasikia wengine huko nyuma wakisema kwamba imemmaliza.

Shemeji Benon alipotueleza kwamba Jovina aliacha neno, kwamba siku yake ikifika avalishwe na Kankindi, nilikataa. Nilisema mwili wa mtoto wa mama yangu hauguswi na mtu baki nikiwa hai, nikasema na mengine ambayo padri hapendi niyarudie. Jana asubuhi tuliingia chumbani wote wawili, hakuna aliyekubali kumpisha mwenzake. Hapo ndipo nilipoliona kovu la mdogo wangu kwa mara ya kwanza, kutoka katikati ya kifua mpaka kwapani, nikaliweka kitandani gauni nililoshika. Kankindi aliweka kidole pale akasema taratibu, "Hapa ndiyo ilikuwa inamuuma. Hapa hakuwa anasikia kitu, hata ukimugusa." Akatoa titi la kitambaa alilomshonea, akaliweka mahali pake, gauni likakaa sawasawa. Kisha akaniambia kile ambacho Jovina alikuwa akimjibu kila alipomsihi anieleze. "Alisema wewe ulimuuguza mama yenu peke yako. Alisema dada ameogopa ya kutosha."

Nililia. Wivu haukuisha, msije mkadhani umeisha, maana miaka sita ya mdogo wangu anayo yeye, nami ninazo Jumapili na bei ya mchele. Lakini sasa najua kwamba kimya chake kilikuwa changu mimi, na hicho Kankindi hana.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, kaka mmoja na dada mmoja. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye karatasi niliyopewa, na nimeisahihisha kwa kalamu njiani, kwa hiyo nasoma upya: ameacha mume, watoto wawili, kaka mmoja na dada wawili, na huyo wa pili asogee hapa mbele, aache kusimama na majirani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu tangu mwaka 2018, majirani wa Ndera mliotupikia na kukesha nasi, mzee Mutsinzi na wafanyakazi wote wa Masoro, pamoja na padri na waumini. Ukuta wa sebule hautapakwa rangi, tumekwisha kukubaliana na shemeji.

Na wewe, Jovina, hakuna kupimwa tena. Pumzika, mdogo wangu, ulalie ubavu wowote unaoutaka, hata ule wa kushoto.