Ana Siku Mbili, Kesho Ana Mwaka

Njooni karibu, wanangu, na mfunge huo mlango, maana baridi ya ukumbini inafika miguuni kwangu kabla yenu. Dympna, kaa upande huu wa dirisha. Fergal, kaa kwenye kiti cha baba yako, na simu itie mfukoni. Ile ndoo ya shayiri niliyokuomba asubuhi, umeiweka ng'ambo ya geti kama nilivyosema? Vizuri. Najua uliniona nimeanza kuweweseka, ukaiweka tu ili uniridhishe. Nashukuru hivyo hivyo.

Sasa sikilizeni, nitasema mara moja tu, kwa sababu pumzi niliyonayo haitoshi kurudia. Padri ameshanipaka mafuta, ameshakunywa chai yetu, ameshaondoka, kwa hiyo kilichobaki ni kati yangu mimi na ninyi. Msinikatize. Mkitaka kulia, mtalia baadaye jikoni, birika likiwa motoni.

Jana niliwasikia. Ukuta huu aliujenga baba yenu, Mungu amrehemu, na alikuwa hodari kwa farasi kuliko kwa kuta. Karibu mwaka mzima nyumba hii imekuwa ya mabubu wawili, watu wazima wenye mvi, mnakula meza moja bila kusemezana. "Mama, mwambie huyo anisogezee siagi." "Mama, mwambie huyo siagi iko mbele ya pua yake." Mimi nimegeuka tarishi wa siagi katika nyumba yangu mwenyewe. Basi jana nikasikia sauti zenu mbili jikoni, zinaongea, zinapokezana, hata mmoja akamwambia mwenzake, "Hapo umesema kweli." Moyo ulinipaa. Nikasema, Mungu ni mkubwa, nitaondoka nimelisikia hili. Halafu nikasikia mnachokubaliana.

Mnakubaliana kwamba mtoto wa Harusi ya Mvua, farasi wetu jike, aandikwe amezaliwa kesho.

Mwaka mzima hamkuelewana hata juu ya chumvi ya viazi, na neno la kwanza mliloafikiana ni uongo. Fergal, usitikise kichwa, nakuona. Najua mnachotaka kusema. Kila farasi wa mbio huongezewa mwaka mmoja Januari mosi, awe alizaliwa lini, hiyo ni sheria ya babu zetu na wala haina huruma. Mtoto yule amezaliwa juzi asubuhi, bado kitovu hakijakauka, na kesho vitabu vitasema ana mwaka mzima. Akifika umri wa kukimbia kule kwenye nyasi tambarare, mbio zisizo na vizuizi, atapangwa na wenzake waliomzidi karibu mwaka wa kula na kukua. Ni kama kumtoa mtoto kwenye titi ukampeleka darasani. Hakuna tajiri atakayeinua mkono mnadani kwa ajili yake. Lakini mkikaa kimya siku moja tu, mkamwita daktari wa mifugo keshokutwa, mtoto anageuka wa kwanza kuzaliwa Ireland nzima mwaka mpya, mkubwa kuliko wenzake wote, na hapo bei yake inatengeneza paa, inatengeneza na banda. Mossie Quirke, jirani mwenye dume, yuko tayari kusaini. Mossie ni mtu mwema kupita kiasi, ukimwomba atasaini hata kwamba dume lake ni mbuzi.

Nayajua yote hayo. Paa linavuja juu yangu mimi, si juu yenu.

Lakini mimi nimesimama kwenye kamba za viwanja vya mbio tangu nilipokuwa nabebwa mabegani, na nataka kuwaambia nilichokuwa nakitafuta huko, kwa kuwa nahisi hamjawahi kujua. Watu wa kijiji wanadhani ni kamari. Kamari nilicheza, ndiyo, kidogo tu, kama mtu anayenyunyiza chumvi kwenye yai. Mimi nilikwenda kuangalia farasi wakizunguka kabla ya mbio, jasho shingoni, masikio yakicheza, na kila mmoja hajui kitabu kimeandika nini juu yake. Nilikwenda kuona yule mwenye nguvu akiongezewa vipande vizito vya madini ya risasi kwenye tandiko ili mnyonge naye apate nafasi. Niambieni ni wapi pengine duniani mwenye nguvu anabebeshwa mzigo ili mnyonge asiachwe. Serikali haifanyi hivyo. Hata kanisani sijaona. Na mbio zikiisha, mpandaji anarudi kwenye mizani na tandiko lake, anapimwa tena mbele ya watu, na mpaka mizani iseme sawa hakuna aliyeshinda. Hapo ndipo nilipokuwa naupenda mchezo huu mpaka machozi, pale penye mizani. Baba yenu alipenda wa mwisho. Alikuwa anabaki kumpigia makofi farasi wa mwisho mpaka apite, watu wameshageuka zamani kwenda kunywa, na mimi nikakubali kuolewa naye kwa hilo.

Sikatai kwamba mchezo huu una damu. Nimeona farasi akianguka kwenye kizuizi na asiinuke, nimeona wakiweka pazia la kijani kumzunguka ili tusimwone akimalizwa, na kila mara nilirudi nyumbani nikisema sirudi tena. Nikarudi. Hilo nitamuuliza mwenye kujua nikifika kwake.

Nipe maji, Dympna. Kidogo. Hapo.

Kabla hamjazaliwa, pale kwenye uwanja wa Clonmel, alikimbia farasi mmoja wa miaka mitatu, mwekundu, ambaye hakuna aliyemjua. Mbona aliwaacha wenzake! Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, nikamkumbatia mwanamke nisiyemfahamu, nikarudi nyumbani nikimsimulia mama yangu kila hatua. Kwa wiki nzima nilikuwa naamka ninacheka. Kisha ikajulikana kwamba hakuwa wa miaka mitatu. Mwenye farasi alikuwa amemchukua mkubwa akamvika jina la mdogo. Yule bwana ameshakufa na jina lake silitaji, alifungiwa, akaadhibiwa, na kombe akarudisha. Lakini mimi hakunirudishia kitu. Furaha yangu aliiiba. Mpaka leo nikizikumbuka zile mbio naona aibu, kama mtu aliyecheka msibani. Na kulikuwa na farasi aliyefika wa pili siku ile, jike dogo, alijitahidi kwa roho yake yote, na hakuna hata mmoja wetu aliyemtazama.

Ndiyo maana nasema hapana. Akija siku moja msichana fulani akasimama kwenye kamba, akalipigia kelele jina la farasi wetu mpaka koo limkauke, nataka furaha yake iwe halali yake. Basi. Hilo ndilo ninaloliomba, na mengine yote ni maelezo.

Dympna, wewe ndiye mwenye mwandiko. Utajaza fomu, na utaandika tarehe ya juzi. Fergal utamwita daktari leo hii, kabla hajatoka kwenda kusherehekea mwaka mpya, maana kesho mtampata lakini hatawafaa.

Na msikae hivyo kama watu waliofilisika. Nani amesema lazima auzwe? Nani amesema lazima akimbie akiwa mchanga? Mama yangu hakuniachia shamba, shamba walipewa kaka zangu. Aliniachia farasi jike mmoja anayechechemea, na kwa yule amekuja huyu, mama kwa binti, mama kwa binti, hakuna hata mmoja aliyekuwa na haraka. Harusi ya Mvua mwenyewe alikuwa wa mwisho mpaka alipotimiza miaka saba, ndipo akaamka siku moja kwenye matope akaruka vizuizi kama mtu anayeruka dimbwi akienda dukani. Mpeni binti yake majani na muda. Akiwa na miaka mitatu mtaona wenzake wanamzidi kimo. Mwacheni. Akiwa na minne, mwacheni. Akifika sita au saba, mwaka mmoja ni kitu gani? Kwenye vizuizi hakuna anayemuuliza farasi amezaliwa mwezi gani. Yule ana miguu mirefu, na juzi alipodondoka mara ya kwanza alikasirika. Nilimsikia kutoka hapa. Mtoto anayekasirika akianguka, huyo ana mambo.

Sasa mali. Nyumba ni ya Dympna, pamoja na paa na matundu yake. Ardhi ni ya Fergal, mpaka kijitoni. Darubini yangu mtapokezana, na asiwepo wa kumnyima mwenzake kwenye mzunguko wa mwisho. Harusi na binti yake ni wenu wote wawili, na kwenye karatasi ya mbio majina yenu yataandikwa pamoja, mpende msipende. Shati la mpandaji litakuwa rangi za mama yangu, kahawia na mkono mmoja mweupe. Lipo kwenye sanduku, nondo wamelila kidogo kwapani, lakini akikimbia hakuna atakayeona.

Mazishi. Msinizike siku ya mbio, watu watakuja kanisani wamenuna na nusu yao watakuwa na redio sikioni. Mossie abebe jeneza mbele, na mumweke na mfupi mwenzake, nisije nikaingia kanisani kichwa chini.

Bado jambo moja, na hili ndilo lililonifanya nimwombe Mungu aniongezee wiki hii.

Geti. Januari iliyopita Harusi alikutwa asubuhi kwa Mossie, amesimama na dume kwenye kiwanja kimoja, wametulia kama mke na mume waliotoka misa. Kabla ya msimu, kabla ya mtu yeyote kutaka, na kosa ni letu sote, maana ni sisi tuliomwashia taa bandani jioni zote zile ili mwili wake udhani majira ya kuchipua yameingia. Fergal ukasema ni Dympna aliyeacha geti wazi akikimbilia kanisani. Dympna ukasema ni Fergal, akitoka baa, hajui geti wala ukuta. Mkaapa. Mkaapizana. Mkatoleana maneno ambayo sikujua kwamba niliwafundisha. Na kila mmoja alisema alilifunga, na mimi sikumwamini yeyote.

Leo nawaamini wote wawili.

Tangu majani yaanguke nimelala kwenye dirisha hili, sina kazi nyingine ila kutazama. Na wiki iliyopita niliona kitu. Ningewaambia siku ile ile, lakini mngetazamana mkasema mgonjwa anaota. Kwa hiyo nikafikiria ndoo. Fergal, sogeza pazia. Lote. Mnyanyue mama yako kidogo, Dympna, mto uko chini.

Harusi yuko wapi? Pale. Mtoto yuko ubavuni. Tulieni. Ameshaisikia harufu ya shayiri.

Mtazameni usoni, msitazame miguu. Anajifanya anaangalia barabara, mnaona? Mnafiki mkubwa. Sasa mdomo. Ule mdomo wa juu. Analinyanyua komeo... analinyanyua kama bibi anayeonja supu. Limeteleza. Anarudia. Sasa kifua, anasukuma kwa kifua. Na geti la Mossie lina komeo la aina hiyo hiyo, fundi ni mmoja.

Haya. Limefunguka.

Mwaka mzima, wanangu. Mwaka mzima wa siagi.

Chekeni. Chekeni tu, msiniogope, mimi sijafa bado. Fergal, usilie na kucheka kwa pamoja, utapaliwa. Mshike mkono dada yako. Dympna, mwachie aushike. Ndiyo. Ee Bwana, ndiyo.

Sasa nendeni, kabla hajamaliza ndoo akavuka barabara. Nendeni wote wawili, hiyo si kazi ya mmoja. Mmoja akimwongoza mama, mtoto anabaki nyuma anababaika, na mmoja akimbeba mtoto, mama anachanganyikiwa. Fergal ashike hatamu. Dympna amkumbatie mtoto, mkono mmoja kifuani, mwingine nyuma, kama nilivyokufundisha. Na mfunge geti kwa mnyororo. Mnyororo upo msumarini, umekuwepo muda wote.

Pazia liacheni wazi.

Mungu awape mvua ya kiasi na nyasi laini. Awape miguu mizima, ninyi na wanyama. Awape subira... miaka sita, saba, si mingi. Siku akikimbia, msinililie. Pigeni kelele. Na akiwa wa mwisho, pigeni makofi mpaka apite.

Sauti yangu inaisha, nendeni. Nitawaona kutoka hapa. Mtembezeni polepole, wanangu. Kesho watasema ana mwaka. Ana siku mbili tu.