Sauti Niliyoikata

Sogezeni viti, wanangu, wewe Adrian na wewe Gillian, hata kama hamtaki vigusane, maana sauti yangu iliyosifiwa na watu nisiowajua imebaki ya kunong'ona, na ninayotaka kusema sina nguvu ya kuyarudia.

Nyumba hii ya hapa mjini Ludlow iuzeni, mgawane sawa kwa sawa. Saa ya ukutani ni ya Adrian, vyombo vya chai ni vya Gillian, na paka aende kwa Thelma jirani, ambaye ndiye anayemlisha siku zote. Hayo ndiyo mepesi.

Mnajua nilipostaafu ualimu nilianza kusoma hadithi kwa sauti na kuziweka mtandaoni bure, kwa ajili ya vipofu na madereva na wasiopata usingizi; hadithi za kejeli za enzi ya Mfalme Edward wa Uingereza, za mabibi wakubwa waliobadili nguo mara nne kwa siku na wasibadili wazo hata moja kwa mwaka. Baba yenu alikuwa akinitania, "Beryl, unawasoma hao kana kwamba umewazaa wewe." Nilirekodi ndani ya kabati la nguo, mlango nimeufunga, makoti yamenizunguka. Na desturi yetu wasomaji ni hii: kelele ikiingia, iwe ya mbwa au ya lori, husimami kuilaani, unapiga kofi moja mbele ya kipaza sauti, unarudia sentensi, na siku ya kuhariri unaliona kofi lile kwenye mchoro wa sauti limesimama kama mwiba, unajua pa kukata.

Jumanne aliyokufa baba yenu Desmond sikuwa sokoni. Adrian, usinikatize. Nilisema nilikuwa sokoni, nikasema Gillian ndiye aliyepaswa kukaa na baba yake, na Gillian alichelewa saa nzima, nawe ukamwambia mbele ya jeneza, "Ungewahi, Baba angekuwa hai," na tangu siku ile, miaka tisa, hujamsemesha dada yako. Nilikuwa hapa hapa, juu, kabatini. Nilikuwa nasoma ile ya bibi aliyehesabu wageni kumi na tatu mezani akaogopa nuksi, akamvika muuza makaa koti la mumewe na kumwita jenerali, awe mgeni wa kumi na nne. Nimefika pale askofu anapomuuliza jenerali maoni yake juu ya moto wa milele, naye anajibu kwamba inategemea makaa yamenunuliwa kwa nani. Baba yenu akaita kutoka chini, "Beryl." Nikapiga kofi, nikarudia sentensi. Akaita tena, "Beryl, njoo mara moja." Nikapiga kofi. Mara ya tatu hakutaja neno, ilikuwa sauti tu, nami kwa hasira nikasema moyoni, mzee huyu amepoteza miwani tena, nikapiga kofi la tatu nikasoma hadi mwisho, vizuri kuliko nilivyowahi kusoma. Niliposhuka alikuwa sakafuni jikoni, na bomba linamwaga maji.

Wiki ya pili baada ya mazishi nilikaa kwenye kompyuta nikamkata, mara tatu, hadithi ikatoka safi. Mwanamke mmoja wa Kanada aliniandikia kwamba alicheka mpaka akasimamisha gari. Niliisoma barua yake nikatapika.

Njia ya mwongo ni fupi, husema watu. Yangu ilikuwa ya miaka tisa, na aliyeitembea ni Gillian, pekupeku, mimi nikimtazama. Kila Krismasi, Gillian, ulikuja ukaosha vyombo ukaondoka kabla kaka yako hajafika, nami nikakufungia keki. Keki, mwanangu. Ulimi huu ulioiga maaskofu na mabibi haukuweza kusema, "Ni mimi."

Rekodi ile safi iondoeni mtandaoni. Ya kwanza, ambayo haijakatwa, sikuifuta. Imo kwenye kompyuta, jina lake ni tarehe ile. Adrian, isikilize wewe, kisha umwombe dada yako radhi kabla ya kunizika, si baada. Gillian, wewe usiisikilize... Unavaa koti. Vaa, mama, nje kuna baridi. Msamaha sikuombi, sina uso wa kuuombea.

Mungu awape... awape amani niliyowanyima. Mlango huo umefungwa, nimeusikia. Adrian, uache mkono wangu. Mfuate kabla hajawasha gari. Hata nikiita... usirudi.