Mama Mswaki na Chokoleti ya Chini ya Godoro

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Mama Mswaki, tabibu wa meno. Miaka thelathini na mmoja, chumba kilekile, kiti kilekile, swali lilelile: "Eti dada, chokoleti ni nzuri kwa mtoto?"

Walitaka ndiyo au hapana. Mwanzoni aliwapa hapana, tena kavu. Mtu anayeng'oa magego ya watoto tangu asubuhi mpaka miguu inamvimba, chokoleti ataitazama kwa jicho gani? Nyumbani kwake aliipiga marufuku. Hata zawadi ya shangazi mtu ilirudishwa mlangoni, na shangazi akanuna mwezi mzima.

Binti yake wa pekee alikuwa na miaka minane. Kila jioni alipiga mswaki, akaachama, mama akakagua. Akishaachwa peke yake, alichomoa kipande cha chokoleti chini ya godoro na kukimumunya hadi usingizi umchukue. Sikieni vizuri: alipiga mswaki kwanza, akala baadaye.

"Nilijua mama akishakagua, hakagui tena," anasema binti huyo, ambaye sasa naye ana watoto wawili.

Siku jino lilipomliza, mama alimketisha kwenye kile kiti. Magego matatu yalikuwa yameoza. Aliyang'oa mwenyewe. Alichoka, jamani. Siku hiyo alichoka kuliko siku zote.

Kuanzia hapo, akishajua siri ya godoro, jibu likabadilika. "Si sumu, wala si dawa," aliwaambia wazazi. "Sukari imejaa humo. Mpe kipande kidogo, mezani, baada ya chakula, na si kila siku. Mswaki uwe wa mwisho kabla ya kulala." Wazazi waliitikia kwa kichwa, kisha wakauliza: "Kwa hiyo ni nzuri au mbaya?" Naye akavua glavu. "Anayefuata!"

Wiki ya mwisho ya uhai wake, akiwa amelazwa, alimwuliza binti yake, "Mwanangu, ulikuwa unaniogopa?"

"Ndiyo, mama."

"Sana?"

"Sana."

"Na mimi nilikuwa nakagua meno tu," akasema, akageukia ukutani, akalia. Binti alipanda kitandani akamkumbatia mpaka muuguzi alipoingia.

Tunampa pole binti, wajukuu, na shangazi pia. Nanyi mlio nyumbani, najua mmechoka, sote tumechoka. Lakini jioni ya leo keti kidogo na mwanao. Akikwambia anachokuficha, tafadhali, usimpigie kelele.