Siku Gaju wa Udongo Aliporuka Mlima

Mbele ya mlango wa Mama Brigitte pale Karuba, barabara ya Mushaki inapopinda, kuna benchi la ubao lenye miguu minne isiyopatana. Hapo ndipo dunia hurekebishwa kila asubuhi, kahawa ingali moto. Wenye benchi ni watatu. Jean-Marie anaitwa Directeur, ingawa hakuna anayekumbuka aliwahi kuongoza nini. Evode anaitwa Satellite, kwa kuwa huchaji simu za watu kwa bamba lake la jua, na habari za simu hizo humfikia yeye kabla ya wenyewe. Darius anaitwa Frein, yaani breki, kitu ambacho chukudu yake, skuta ya mbao ya kubebea mizigo, haijawahi kuwa nacho, hata ikiwa imebeba magunia matatu ya viazi kwenye mteremko. Wiki hiyo mabwana hao watatu walikunywa kahawa wakiwa wamesimama, maana Uwizeye alikuwa amelichukua benchi lao kutengenezea filimu.

Uwizeye ni mwalimu wa darasa la pili, mtu mpole, lakini akishashika jambo haliachii. Alikuwa amefinyanga ng'ombe wa udongo mwenye urefu wa kidole, akamtia miguu ya waya ili ikunjike. Mlima aliujenga kwa gunia na majani mafupi, na zizi kwa njiti za kiberiti. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: anamsogeza ng'ombe kidogo, anapiga picha kwa simu, anamsogeza tena, anapiga tena. Picha kumi hupita kwa sekunde moja, na ng'ombe anatembea. Ukungu wa jioni aliupata kwa kupepea mvuke wa sufuria ya kahawa ya Mama Brigitte uelekee mlimani. Yote hayo yalikuwa kwa ajili ya bibi yake, Koko Adelaïde, ambaye magoti yake yalikuwa yamekataa milima, na ambaye saa sita mchana, siku ya mwisho ya wiki hiyo, gari lingempeleka Goma kwa mwanawe, kuishi huko moja kwa moja. Koko alikuwa ameomba kitu kimoja tu cha kwenda nacho: kumwona tena Gaju, ng'ombe wake aliyekufa kwa uzee bila mtu kuwahi kumpiga hata picha moja.

Saa nne asubuhi ya siku hiyo, Uwizeye alitazama filimu nzima kwa mara ya kwanza. Gaju alitembea vizuri hadi katikati ya mlima. Kisha, kufumba na kufumbua, akawa ndani ya zizi.

— Eh! Satellite akapiga kelele juu ya bega lake. Iko wapi njia? Ng'ombe iliruka!

— Ng'ombe ya udongo hairuke, Frein akasema.

— Basi angalia mwenyewe. Pa, iko kule. Pa, iko nyumbani.

Walitazama mara tatu. Mama Brigitte naye akatoka na birika mkononi, akatazama ya nne.

— Mimi najua, Satellite akasema, akiivuta kofia yake nyuma kama afanyavyo anapotaka kuaminiwa. Ni réseau, mutandao ya simu. Usiku, réseau inapitaka mu simu ya batu, inakamata mafoto. Ilikamata ile ya katikati.

— Réseau ya Karuba? Mama Brigitte akacheka. Ile inashindwaka kubeba hata alo? Itabeba ng'ombe?

— Mama, foto iko nyepesi kuliko alo.

— Acheni Satellite na mashetani yake, Frein akasema. Kitu iko wazi. Ule ng'ombe alikuwa anashuka, njo tatizo. Mimi niko mutu ya mulima, najua. Ukishuka bila frein, katikati hauionake. Unajikuta tu mu Mushaki.

— Weye njo unajikutaka mu mutaro, Satellite akamwambia.

— Mara mbili tu!

Uwizeye hakucheka. Kila mmoja wao alikuwa amesaidia wiki nzima, na kila mmoja alikuwa amemchosha. Siku ya kwanza walibishana pembe ipi ya Gaju ilipinda, hadi akalazimika kuipinda ile ya kushoto, kisha ya kulia, kisha tena ya kushoto. Siku ya pili Frein alileta chukudu ndogo aliyoichonga mwenyewe, akasema filimu ya huku Masisi bila chukudu ni uongo mtupu, na tangu hapo chukudu ile ilisimama mlimani bila dereva na bila sababu. Aliwapenda, lakini asubuhi hiyo angefurahi kama wangekunywa kahawa yao mahali pengine.

— Ao ni kahawa, Mama Brigitte akasema polepole. Jana mvuke ilikuwa mingi. Pengine ng'ombe iliona ukungu, ikaogopa, ikakimbia mbio, na simu haikuweza kuifuata.

— Mama Brigitte, ni mimi namusogeza na kidole, Uwizeye akasema. Hawezi kukimbia nikiwa kwa masomo.

— Weye uko mwalimu, unaona vile vya kitabu. Mambo ya ng'ombe iko ingine.

— Mimi nasema ilienda kunywa maji, Satellite akaongeza, sasa amepata moto. Ilishuka kwa mutoni, ikanywa, ikakuta wenzake, ikazungumuza, saa ikaenda...

— Na miguu yake ya waya? Frein akauliza.

— Njo maana iko na kutu!

Waliinama wote kuangalia miguu. Kweli, kulikuwa na kutu kidogo. Hapo Satellite akanyanyua kikombe chake kwa ushindi, na hata Frein akaanza kuyumba katika imani yake ya mteremko.

Ndipo Uwizeye alipogundua kuwa katika kelele zote hizo, Directeur hajasema neno. Hilo halikuwa jambo la kawaida. Directeur ana maoni juu ya mbegu za maharage, juu ya ndoa za watu, juu ya namna mapadri wanavyopaswa kukohoa. Sasa alikuwa anachunguza kikombe chake kana kwamba kina maandishi.

— Papa Jean-Marie, Uwizeye akamwita kwa jina lake. Jana nikienda kwa masomo, nani alibaki hapa?

— Batu wengi.

— Nani na nani?

— Mimi.

Directeur akakohoa.

— Mvua ilikuwa inakuja, mwalimu. Wingu kubwa, kutoka kule Ngungu. Nikaangalia, na ule Gaju iko peke yake pa mulima, hakuna muchungaji. Mimi nilichunga tangu niko na miaka sita. Siwezi kunywa kahawa na ng'ombe ya mutu iko inje mu mvua. Nikamuingiza mu lupango, mule mu zizi yake.

— Alikuwa wa udongo, papa!

— Njo vibaya zaidi! Udongo na mvua?

Mama Brigitte aliegemea mlango kwa kicheko. Frein akamshika Directeur bega, akamwambia kuwa jana usiku yeye pia aliiona chukudu yake ndogo pale mlimani, akafikiria kuiingiza, ila aliona aibu. Uwizeye alitaka kukasirika, hasira ikakwama njiani. Angefanya nini? Jioni alikuwa amemkuta ng'ombe zizini, akadhani amemfikisha mwenyewe, akaendelea kupiga picha bila kuangalia za nyuma. Kumrudisha ng'ombe mlimani na kumtembeza upya kulihitaji picha sitini, na betri ilikuwa imebaki asilimia tisa. Na wingu lilikuwa limefunika bamba la Satellite tangu asubuhi.

— Koko ataondoka na filimu iliyovunjika, akasema. Kitu kimoja tu alichoomba.

Wakati huo Koko Adelaïde mwenyewe alikuwa anakuja, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine kwenye bega la Constance, jirani yake, aliyebeba begi. Alikuja kuaga na kunywa kikombe cha mwisho. Wanaume wakasogea upesi, wakakumbuka kuwa benchi lina mlima, wakamletea kiti cha ndani.

— Nionyeshe, mwana wangu, Koko akasema.

— Koko, iliharibika katikati.

— Nionyeshe.

Uwizeye akamshikia simu karibu na macho. Gaju akashuka katika ukungu wa kahawa, akaipita chukudu isiyo na dereva, pembe ya kushoto imepinda. Kisha, pa, akawa zizini. Koko hakushangaa hata kidogo. Alitazama pembeni mwa kioo cha simu, kama mtu anayetafuta kitu kilichoachwa nje ya picha.

— Na nani alimuita? akauliza.

Directeur akamtazama Satellite. Satellite akamtazama Frein. Wiki nzima walikuwa wamegombania pembe, njia, ukungu na upande wa mkia, na hapakuwa na mmoja aliyekumbuka kuwa ng'ombe yule hakuwahi kurudi nyumbani mpaka aitwe.

— Hakuna mutu, koko, Uwizeye akasema hatimaye. Tulisahau.

— Sasa angerudi namna gani? Mimi nikimuita, alikuwaka anakimbia. Haukumuonaka mu njia. Unaita, unageuka, uko naye hapa.

Koko akaweka kikombe chini. Vidole vyake vikatafuta kwenye pindo la kitenge fundo la chumvi, ile aliyokuwa akimlambisha Gaju jioni, na fundo halikuwepo. Alisimama hivyo hivyo, akageukia mlima wa kweli, akaita njoo kwa lugha ya nyumbani kwake.

— Gaju we! Ngwino! Ngwino, Gaju!

Satellite, Mungu ambariki, alikuwa ameshabonyeza kitufe cha kurekodi. Upande wa pili wa bonde, ng'ombe wa watu waliinua vichwa. Mama Brigitte alijifuta macho kwa kona ya aproni na kusingizia moshi.

Sauti ile wakaiweka kwenye filimu betri ikiwa asilimia tatu, wakaihamishia kwenye simu ndogo ambayo mwanawe Koko alikuwa amemtumia. Gaju akasimama mlimani, Koko akaita, na Gaju akawa nyumbani. Hapakuwa na cha kurekebisha.

— Ile effet, ule ujanja ya filimu, ni mimi niliifanya, Directeur akasema, na safari hii hakuna aliyembishia.

Gari likaja. Uwizeye akataka kumfungia Koko ng'ombe wa udongo kwenye kitambaa, lakini bibi akakataa.

— Muache hapa. Goma ni mawe tupu, atakula nini?

Gari lilipopotea kwenye kona, Uwizeye aliketi kwenye kiti cha Koko na kulia waziwazi, na wanaume wakaangalia barabara kwa adabu. Kahawa ilikuwa imekwisha. Kutoka upande wa Ngungu, wingu la mvua lilikuwa linapanda, na tone la kwanza likaangukia ubao karibu na Gaju, ambaye Uwizeye alikuwa amemrudisha katikati ya mlima.

Directeur akamtazama ng'ombe, kisha akamtazama Uwizeye.

— Mwalimu, sasa naweza kumuingiza?

— Ingiza, papa.

Akanyoosha mkono, akausimamisha hewani. Aliangalia huku na huku, akasafisha koo, na mzee yule mwenye maoni juu ya kila kitu akainama mpaka karibu na sikio la udongo.

— Gaju we, akaita taratibu. Ngwino.

Kisha akambeba kwa mikono miwili, akamwingiza jikoni kwa Mama Brigitte, na hakuna aliyemcheka.